Saa Iliyonyonywa na Barabara

Jana, kati ya swala ya Ijumaa na chai ya saa kumi, niliota ndoto nzito kuliko ugali wa muhogo niliokuwa nimeulalia. Najua hapa mtaani Mabanda mnaniita mzee wa chumvi. Nikiri, niliwahi kusema nilimfundisha nyani kusoma saa, na wapo wanaoamini mpaka leo. Hii siitii chumvi. Nitaieleza kama nilivyokuwa nikijaza daftari la mahudhurio: jina, saa, sababu.

Kwanza mjue nililala nikiwa nimekasirika.

Binti yangu Somoe anabangua korosho katika kiwanda cha Namkonda, kilekile nilichokuwa karani wa saa mpaka nikastaafu. Amejifungua mtoto wa kike, akampa jina la mama yake, Sihaba. Likizo yake ya uzazi, siku themanini na nne, inaisha Jumapili. Jumatatu anatakiwa mezani. Na mtoto hataki kikombe. Wamemjaribu kwa kikombe, kwa kijiko, kwa chupa yenye chuchu ya mpira. Anafunga mdomo kama shahidi aliyetishwa.

Kiwanda kinatoa saa moja kila siku kwa mama anayenyonyesha. Utasema saa moja si haba. Lakini kwenye daftari la getini, ukurasa wa kwanza, kwa kalamu nyekundu, pameandikwa: "Saa itahesabiwa geti hadi geti." Sasa sikiliza. Mbanguaji anatoka na mikono iliyojaa mafuta ya ganda la korosho, mafuta yanayochuna ngozi. Hawezi kumgusa mtoto mpaka aisugue mikono kwa majivu na sabuni, robo saa nzima, na bomba la kunawia liko nje ya geti. Kutoka hapo mpaka kwetu ni dakika ishirini. Kurudi ishirini. Zinabaki tano.

Aliyeandika mstari ule ni mimi.

Haukutoka serikalini wala kwa meneja. Niliutunga asubuhi moja, miaka thelathini iliyopita, kwa sababu akina mama walikuwa wanarudi kila mmoja kwa wakati wake na safu za daftari langu zikawa zimepinda. Mimi nilipenda safu zinyooke, basi. Wakubwa wakaupenda mstari wangu. Siku ya kustaafu nikapewa cheti, "Mtunza Saa Asiyepinda", kiko ukutani ndani ya fremu. Chini yake, kwenye msumari, imening'inia filimbi yangu ya chuma, niliyokuwa nikiwapulizia saa yao ikianza, na tena kuwaita warudi.

Jana tukiwa tunakula, Somoe akaweka tonge chini.

"Baba, meneja mpya anasema haoni karatasi yoyote nyuma ya ule mstari. Walinzi ndio wanaomwambia ni sheria ya zamani. Amesema aliyeuandika akienda akamwambia kwa mdomo wake kwamba ulitoka kichwani mwake, anaufuta palepale. Saa iwe inahesabiwa mtoto akiwa kifuani. Yuko ofisini leo mpaka saa kumi na moja. Kesho anasafiri, wiki mbili."

"Mimi niende nikamwambie nini? Kwamba miaka yote ile nilikuwa natunga?"

"Si ndiyo kazi yako, baba? Mtaa mzima unajua."

Mama yake akacheka puani.

"Sheria ni sheria," nikasema.

"Basi Jumatatu siendi. Miaka saba ya meza, naiacha. Siwezi kwenda kuinyonyesha barabara."

Nikamtazama mke wangu anisaidie. Bi Sihaba alikuwa anaondoa mawe kwenye kunde za bagia, jiwe moja moja, bila haraka. Siku zote huniita baba Somoe. Ziko siku chache kwa mwaka huniita karani, na siku hizo chai yangu huwa haina sukari.

"Mwacheni karani alale," akasema.

Nikajinyoosha kwenye mkeka, uso ukutani.

Filimbi inakohoa.

Nafungua macho. Imejigeuza kwenye msumari wake, inanitazama kwa kile kitundu chake kimoja.

"Karani, amka. Zamu."

"Nimestaafu."

"Kilichostaafu ni cheti," inasema filimbi. "Mimi sijapewa barua. Vaa sare. Kumepotea saa."

"Ya ukutani?"

"Ya kunyonyesha. Imetolewa kila siku ya kazi kwa miaka thelathini, imeandikwa kwenye daftari lako, na hakuna mtoto hata mmoja aliyeiona. Mtunza saa ni nani?"

"Ni yeye," kinasema kile cheti haraka, kutoka ndani ya fremu. "Mimi nimeandikwa tu."

Navaa sare. Vifungo vinafika mpaka tumboni, vinasimama, vinakataa kupita. Naivaa filimbi shingoni, natoka uani.

Uani kumetandikwa mikeka kama msibani. Wanawake wamekaa, wote kanga moja, na pale yanapokaaga maneno ya kanga pameandikwa namba. Mikeka mingi ni mitupu. Imebaki na alama za waliokuwa wameketi. Wamebaki watatu tu: themanini na mbili, themanini na tatu, na bibi mmoja mkongwe, themanini na nne, ameshafunga kifurushi chake, amekipakata.

"Mnasubiri nini, mama zangu?"

"Sisi ni siku za Somoe," anasema bibi. "Tulikuja themanini na nne. Kila mmoja amemlea mtoto kutwa, jua likizama ameondoka. Huyu anaondoka leo, huyu kesho, mimi Jumapili. Baada yangu hakuna mtu."

"Hakuna wa kuwapokea?"

"Tuliambiwa atatupokea mwenzetu, Saa Moja ya Kila Siku. Ndiye tunayemngoja. Umemwona?"

Nasema ndiyo kwanza naanza kumtafuta. Bibi anatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekwisha kusikia hilo mahali pengi.

Juu ya ukuta wa uani wamekaa vijana watatu, miguu inaning'inia, wanakula korosho zangu.

"Na nyinyi?"

"Sisi ni Siku Tatu za Likizo ya Baba wa Mtoto," anasema wa kwanza. "Tulikuja, tukanywa chai, tukapiga picha na mtoto, tukaondoka."

"Sasa mmerudi kufanya nini?"

"Huyu alisahau kofia."

Nawaacha. Nafungua mlango wa choo cha uani ili nijipe nafasi ya kufikiri, natokea mbele ya geti la kiwanda.

Geti limefungwa. Linanitazama kwa makufuli yake mawili.

"Jina?"

"Chilumba. Karani wa saa."

Geti linafunua daftari. "Leo si karani. Soma."

Nasoma. Pameandikwa kwa mwandiko wangu mwenyewe, safu imenyooka: Chilumba, mama anayenyonyesha, meza ya saba.

"Kuna makosa," nasema. "Mimi sina maziwa."

"Hilo halimo kwenye daftari," linasema geti, na linafunguka.

Meza ya saba ni ndefu. Nimepewa aproni ya bluu, nimepewa kibao na kirungu cha kupasulia. Korosho ya kwanza ninapoiweka kwenye kibao inaniambia, "Taratibu, mzee. Ukinivunja naitwa kipande, na kipande hakina heshima." Naipiga taratibu. Ganda linatema mafuta, yananiingia kwenye vidole, ngozi inaanza kubanduka kama ya kitunguu. Naangalia kulia na kushoto nione kama kuna mtu anayelalamika. Wanawake wote wanabangua kimya, mbele ya kanga zao kumelowa madoa mawili mawili. Hakuna anayeyatazama. Mimi pia nilikuwa nayaona zamani, nikidhani ni maji.

Filimbi inajipuliza shingoni mwangu. Saa imefika.

Kwenye dirisha la kibanda cha karani mkono unanyooshwa, unanipa Saa yenyewe. Ni mkate wa mviringo, wa moto, umekatwa vipande sitini. Unanukia. Naufunga kwenye pindo la aproni, natoka mbio.

Hatua tano nje ya geti bomba linaniita. "Mikono."

Nasugua kwa majivu. Nasugua kwa sabuni. Mafuta ya korosho hayatoki kwa mtu mwenye haraka. Mwenye haraka ndiye yanayemganda.

"Kumi na tano," linasema bomba, na linachukua vipande kumi na tano, linavila vyote kwa mpigo mmoja, halafu linadondosha tone moja la maji kama mtu anayefuta mdomo.

Naingia barabarani.

Barabara ya kiwandani ninayoijua mimi ni nyembamba, ya vumbi jekundu, mbuzi wawili hawapishani. Hii iliyolala mbele yangu imenona. Ina mikunjo kama mapaja ya mtoto wa miezi mitano. Ina vishimo vya mashavu kwenye kona zote mbili. Na pale penye kalavati, ambapo ndipo mdomo wake ulipo, panachuruzika maziwa.

"Shikamoo, baba," inasema.

"Mimi si baba yako."

"Ulinizaa kwa kalamu nyekundu. Kabla ya hapo nilikuwa njia tu, watu wanapita, wananisahau. Ulipoandika ule mstari nikaanza kunyonyeshwa. Asubuhi hadi mchana nangoja, naisikia filimbi yako, nafungua mdomo."

"Na hukuona haya?"

"Mimi barabara, baba. Nakula ninachopewa." Inacheua kidogo, vumbi linatoka na harufu ya maziwa. "Nawakumbuka wote. Yule wa meza ya pili, maziwa yake mazito kama tui la kwanza. Yule mrefu alikuwa anatembea huku analia, yake yalikuwa na chumvi. Wa meza ya saba alikuwa anakimbia. Nilipenda akikimbia, yanamwagika yenyewe."

Nafungua pindo la aproni.

"Ishirini," inasema barabara, inanyoosha mkono mnene.

Naipa ishirini.

Nyumba ninayofika ni ile yetu ya zamani, ya makuti, kabla hatujaezeka bati. Mlango uko wazi. Ndani, juu ya kanga iliyokunjwa, amelala mtoto wa miezi mitatu, mashavuni ana michirizi miwili ya machozi yaliyokauka. Namjua kwa kovu la kitovu. Ni Somoe.

"Somoe, amka. Saa imekuja."

Anafungua jicho moja. "Umekuja na ngapi?"

"Ishirini na tano. Ila ishirini ni za kurudia."

"Basi ni tano," anasema mtoto. "Mimi nimelia arobaini mpaka nikasinzia, baba. Tano hazitoshi hata kuniamsha vizuri."

"Nyonya haraka."

"Una maziwa?"

"Sina."

"Basi tukae tu."

Tunakaa. Dakika tano ni ndefu sana ukikaa na mtu uliyemnyima. Ananishika kidole, ananusa, anageuza uso. Majivu, sabuni, na chini yake kabisa mafuta ya korosho. Hatazami tena upande wangu, lakini kidole hakiachii. Naogopa kukivuta. Ndipo ninapokula vipande viwili vya kurudia bila kujua.

Barabara inadai ishirini zake. Nina kumi na nane. Inasema haijalishi, nitalipia getini.

Getini, dirishani mwa kibanda, kuna kijana wa miaka thelathini na kitu. Nywele zimepakwa mafuta na kuchanwa upande. Mfukoni kalamu tatu: bluu, nyeusi, nyekundu. Namjua. Shati lile nililinunua mimi.

"Jina?"

"Unalijua."

"Jina," anarudia, bila kuinua kichwa.

"Chilumba, meza ya saba."

"Umechelewa dakika mbili, Chilumba. Ni mara ya tatu."

"Mtoto alinishika kidole."

"Hilo halimo kwenye daftari."

"Sikiliza, kijana. Huo mstari wa geti hadi geti hauna karatasi nyuma yake. Uliutunga wewe, siku ya Jumanne, unakunywa chai ya maziwa, kwa sababu ya safu zako."

Anainua kichwa. Ananitazama kwa huruma ile niliyokuwa nikiwatazama nayo watu. "Na wewe ni nani useme hivyo?"

"Mimi ni wewe."

"Basi unajua kwamba sheria ni sheria," anasema. Anachukua kalamu nyekundu, anaweka rula chini ya jina langu, anavuta mstari ulionyooka kuliko mistari yote niliyowahi kuiona.

Nachungulia. Jina lililokatwa si langu. Ni la Sihaba Mkwanda, meza ya saba.

Hapo hapakuwa na ndoto, ndugu zangu. Hapo palitokea. Mke wangu alikuwa akibangua meza ya saba, na Somoe alikuwa na miezi mitatu, na alichelewa dakika mbili kwa mara ya tatu, na mara ya tatu jina hukatwa, kazi imekwisha. Kwenye foleni nyuma yake walisimama wanawake kumi wakinitazama nitafanya nini. Nikaona nikimwachia watasema karani anambeba mkewe. Nikavuta mstari. Yeye akaivua aproni, akaikunja mara nne, akanipitishia dirishani. "Ahsante, karani," akasema. Hakuwahi tena kukanyaga kiwandani. Akaanza bagia mwezi uleule, na mpaka leo hajanitamkia hata neno moja juu ya siku ile. Mimi nikahesabu kwamba amesahau.

Mle ndotoni napita geti, naingia kibandani, namuuliza yule kijana, "Nakubali barabara imekula zake, na bomba limekula zake. Zile tano zilizobaki ziko wapi? Mtoto hajazipata."

Kijana hajui. Anapekua daftari, safu zote zimenyooka, hakuna tano mahali popote.

"Muulize anayezijua," inasema filimbi shingoni mwangu.

"Ziko wapi?"

"Ulikuwa unanipuliza dakika tano kabla ya wakati wa kuanza kurudi. Umesahau?"

Nakumbuka. Nilikuwa nawapulizia mapema ili wawahi. Nilidhani nawasaidia. Upepo ukivuma kutoka kiwandani filimbi ilisikika mpaka Mabanda, na mama aliyekuwa ndiyo kwanza anafungua kifua alifunga.

"Zimo humu ndani," inasema filimbi. "Zote. Nimejaa mpaka kokwa yangu ya ndani haichezi. Karani, umenipuliza maisha yako yote. Hebu nivute mara moja."

Naiweka mdomoni, navuta. Ncha ya ulimi inaguswa na kitu cha uvuguvugu, kitamu kidogo, kina harufu ya majivu na sabuni. Naitoa haraka. Si yangu kunywa. Naziba kitundu kwa kidole gumba, nabana.

"Unakwenda wapi?" linauliza geti. "Ukivuka hapa naanza kuhesabu. Geti hadi geti."

"Sivuki hapo," nasema. Nakanyaga stuli ya karani, napita dirishani, lile lile nililopitishiwa aproni, tumbo linakwama, vifungo viwili vinakatika, naangukia upande wa nje. Geti linatikisa makufuli yake. Halina la kufanya. Haliwezi kumhesabu asiyepita getini, ndivyo nilivyoandika.

"Hujasaini!" kijana anapiga kelele nyuma yangu. Sauti yake nyembamba. Sikujua kama nilikuwa na sauti nyembamba vile.

Naingia barabarani, kidole kwenye tundu.

"Baba, nina njaa," inasema barabara.

"Umeshiba miaka thelathini."

"Usiponipa nitakonda."

"Konda, mwanangu."

Inalia. Sijawahi kusikia barabara ikilia, na sitaki kuisikia tena. Ni kama lori linalopanda mlima bila kufika. Lakini kadiri inavyolia inapungua. Mikunjo inanyooka, vishimo vinafutika, na ile nyumba yetu ya bati inakuja karibu, karibu zaidi, mpaka hatua ya mwisho inagota kwenye kizingiti.

Bibi themanini na nne amesimama mlangoni, kifurushi kichwani.

"Jumapili imeshafika?" nauliza.

"Bado. Lakini mimi nimezeeka, nimeanza kufunga mapema. Umempata?"

Namwonyesha filimbi. Anaishika, anaipima uzito kwa kiganja, ananirudishia kwa mikono miwili.

"Mpe mwenyewe," anasema. "Usimpe mtu ampe."

Napita. Mtoto Sihaba yuko kwenye mkeka wangu, mahali pangu nilipolala. Ananitazama. Ule mdomo alioufunga kwa kikombe, kwa kijiko, kwa chupa, anaufungua mwenyewe, mpana, anangoja. Napiga goti. Naisogeza filimbi. Nainua kidole—

Nikaamka.

Ilikuwa saa kumi kasoro robo. Nilikuwa chali kwenye mkeka, shati la kushindia, vifungo vyote mahali pake, jambo lililonisikitisha kidogo. Uani mafuta yalikuwa yanachemka, Bi Sihaba anadondosha bagia. Somoe amekaa kizingitini, mtoto begani, mkono wa pili anakunja aproni ya bluu na kuitia kwenye mfuko wa plastiki.

"Unafanya nini na hiyo?" nikamuuliza.

"Nampa jirani, Jumatatu akairudishe getini. Wamenipa wao, ni yao."

Aliikunja mara nne. Hakuna aliyemfundisha.

Nilitaka kuinuka nikagundua mkono wangu wa kulia umefumbwa. Niliutazama. Ndani ya ngumi ilikuwamo filimbi, kidole gumba kimebana kwenye kitundu mpaka kimekuwa cheupe. Nikatazama ukutani. Cheti kipo. Msumari mtupu. Na msumari ule niliupigilia juu, enzi za magoti mazuri. Siku hizi siufikii bila stuli, na stuli alikuwa ameikalia mke wangu uani.

"Viatu vyangu viko wapi?"

"Chini ya kitanda," akasema Bi Sihaba bila kugeuka. "Unakwenda kucheza bao na jua lote hili?"

"Nakwenda kiwandani. Kuna mstari nataka nikaseme niliutunga. Na nitakwambia na wewe, kabla sijamwambia meneja, kwamba siku ile ya aproni..." Nikakwama. Mimi, mzee wa chumvi, maneno yakaniishia. "Zilikuwa dakika mbili tu," nikasema.

Somoe akaacha kukunja.

Bi Sihaba akaweka mwiko juu ya kibakuli, akaja mpaka kwenye mkeka, mikono ina unga wa kunde mpaka kwenye viwiko.

"Mbona umeishika hiyo kama umekamata nzi?" akauliza. "Achia, utakwama kidole, tuanze kumtafuta fundi."

Nikainua kidole.

Tone moja likatoka kwenye kitundu cha filimbi, jeupe, zito, likamwangukia kwenye kifundo cha mkono, likafanya njia yake kwenye unga. Nililisikia joto lake lilipopita karibu na kidole changu. Begani kwa Somoe, mtoto aliyekuwa amelala aligeuza uso upande wetu, akafungua mdomo.

Mke wangu alilitazama lile tone kwa muda mrefu. Akaliinua puani, akalinusa, kama anavyonusa maziwa ya asubuhi kabla ya kuyatia kwenye chai.

"Halijachacha," akasema.

Akajifuta kwa pindo la kanga, taratibu, akarudi kwenye mafuta yake.

"Saa kumi na moja hiyo inakuja. Vaa viatu, baba Somoe."